Upande wa Dada Kwenye Sinia

Ilianza Jumanne ya kwanza ya Desemba, saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, nyuma ya bafu la makuti huko Kurui, nyumbani kwa wakwe wa dada yangu. Nilikuwa nimetoka na kopo la maji kwenda chooni, nikamkuta dada amechuchumaa, mkono mmoja ameshika nguzo, mwingine ameikusanya khanga isichafuke. Alikuwa anatapika bila sauti. Sijawahi kuona mtu anatapika bila sauti. Kwetu Visiga mtu akitapika, jirani wa nyumba ya tatu anauliza mchana umekula nini.

Alipomaliza alinyoosha mkono bila kunitazama. Nikampa kopo langu, akasukutua.

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Sijaona kitu."

"Haya. Endelea hivyo hivyo kutoona."

Halafu akacheka, na katikati ya kucheka machozi yakamtoka, nikajua ni nini. Mimi si mtoto. Nimemaliza kidato cha pili, baiolojia naipenda, na mwaka uliopita nilikuwepo.

Mwaka uliopita dada alishika mimba yake ya kwanza. Alimpigia mama simu siku ile ile aliyojua, na mama kwa furaha akawapigia wote: shangazi, mama wadogo, ndugu wa bara ambako wazazi wetu walitoka na ng'ombe wao kabla mimi sijazaliwa. Akanunua beseni la buluu na shali nyeupe. Tumbo halijaanza hata kuonekana, mimba ikatoka. Ndipo simu zikaanza kurudi. Kila aliyepongeza ilibidi aambiwe, na kila aliyeambiwa alitaka kujua ilikuwaje. Dada aliwahi kuniambia kwamba kuumwa kuliisha, lakini kueleza hakukuisha.

"Safari hii anajua shemeji yako na nesi wa zahanati," aliniambia, tumekaa kwenye gogo jua likichomoza. "Na sasa wewe, bahati mbaya."

"Na mama mkwe wako?"

"Hajui. Yeye hana neno, ila sitaki macho. Nikiinama macho, nikilala macho. Sitaki."

"Na mama?"

"Mama ndiyo usithubutu." Akanishika goti. "Mpaka mtoto acheze tumboni. Akishacheza nitasema mwenyewe. Umenielewa, mdogo wangu?"

Nikasema nimeelewa. Kwa kweli niliogopa, na pia nilijisikia mtu mkubwa. Mimi ni mtu wa kukaa kimya, shuleni mwalimu akiniuliza swali naijibu meza badala ya kumjibu yeye, na kwa mara ya kwanza kimya changu kilikuwa na kazi.

Nilikuwa nimetumwa huko kwa ajili ya korosho. Msimu ulikuwa umechanganya na mama alichoka kuniona nimejilaza na kitabu. "Nenda kamsaidie dada yako kuokota," alisema, "hapa utabaki kunenepa tu." Shuleni wananiita kibonge. Mama hasemi hivyo, lakini hununua sketi zangu kubwa kidogo kuliko zinavyotakiwa.

Kazi yenyewe ni kuokota mabibo yaliyoanguka, kunyonyoa korosho na kuanika. Mabibo yaliyolala siku mbili chini yana harufu tamu inayopanda kichwani kama pombe. Mimi naipenda. Dada ilikuwa inamtoa shambani mbio, kitambaa puani, akisema anakwenda kuangalia maji. Ilimtoa pia harufu ya kitunguu, ya sabuni ya unga, na ya mumewe. Shemeji, maskini, alihamisha godoro sebuleni. Ni dereva wa bodaboda, alikuwa akirudi jioni anaoga mara mbili, kisha anasimama mlangoni kwa mbali na kuuliza, "Hapa je?" Dada anatikisa kichwa. Anarudi hatua moja. "Na hapa?"

Tabu ilikuwa chakula. Kwetu Visiga kila mtu ana sahani yake. Kwa wakwe wa dada wanawake tulikula kwenye sinia moja kubwa la bati, juu ya mkeka: mama mkwe, dada na mimi. Shemeji alikula barazani. Na sinia lina adabu zake. Unakula mbele yako, huchupi kwa mwenzio, na humtazami mtu mkono wake unavyokwenda mdomoni. Lakini chakula kikiisha sinia linasema lenyewe. Upande wa aliyekula kuna bonde, upande wa asiyekula kuna kilima.

Siku ile ya kwanza mchana dada alimega tonge, akalifinyanga mpaka likapoa, akalirudisha. Akanikanyaga mguu chini ya khanga. Nikaelewa. Mkono wangu ukavuka mpaka, taratibu, nikamega upande wake. Nikala wangu na wake. Jioni tena. Kesho yake tena. Mama mkwe alikuwa akitazama ukuta na kusimulia habari za mvua, na kila tukimaliza anasema, "Alhamdulillahi, leo tumekula," anabeba sinia tupu.

Mtu akila chakula cha watu wawili kinakwenda mahali. Baada ya wiki ya pili gauni langu la kushindia likaanza kunibana makwapani. Dada, hapo hapo, alikuwa anafunga khanga yake mara mbili na bado inashuka. Mifupa ya shingo ikatokeza. Pete ya ndoa ikawa inazunguka kidoleni, akaifunga uzi kwa ndani. Kanuni aliyokuwa nayo kichwani, na mimi pia, ni kwamba mjamzito ananenepa. Kwenye mimba iliyotangulia alikuwa ameanza kukonda kabla haijatoka. Hakuniambia, lakini nilimwona akijipima mkono kwa vidole, kidole gumba na cha kati, kuona vinakutana wapi.

Majirani waliokuja kubangua walianza maneno yao.

"Jamani, huyu mdogo mtu alikuja kuokota korosho au kuokota minofu?"

"Mwache anawiri, mtoto wa watu. Dada mtu ndiye kawa kama mwiko."

"Mapenzi hayo. Shemeji kamkondesha."

Walicheka, na dada akacheka zaidi yao. Mimi niliinamia korosho zangu.

Siku moja, tukitoka kisimani, tulipita kwenye banda la jirani mmoja. Wanunuzi wa uchochoroni, wale wanaoitwa kangomba, wanaokuja kununua korosho kwa watu wenye shida kabla ya mnada, walikuwa wameacha mizani yao imening'inia kwenye boriti. Hakukuwa na mtu. Dada akasimama.

"Zahanati nilipopimwa mara ya kwanza nilikuwa hamsini na nne," akasema. "Njoo nishikie."

Tukaweka ndoo chini. Nikafunga kiroba kwenye ndoano kwa kamba, kikawa kama bembea, kama zile suruali wanazopimiwa watoto kliniki. Dada akaingia, akakunja miguu, akaning'inia. Akazunguka kidogo. Tulicheka mpaka nikakaa chini. "Mpe mama kadi ya mtoto," nikasema kwa sauti ya nesi, "mtoto huyu mbona ana ndevu?"

"Soma bwana, kamba inanikata."

Nikasimama nikasoma. Nikasoma tena.

"Ngapi?"

"Arobaini na saba."

Bembea ikatulia. Akashuka mwenyewe bila kunishika.

"Panda wewe," akasema.

"Mimi sipandi."

"Panda nione."

"Dada, sipandi bwana." Uso ulikuwa umepata moto. Sikutaka mtu yeyote duniani ajue kilo zangu, hata yeye, hata siku ile. Hakunilazimisha. Tukabeba ndoo zetu. Tulipofika karibu na nyumba akasema, kama anayejisemea, "Kilo saba. Anakula nini huko ndani, kama mimi mwenyewe ninaisha?"

Jioni nilimwomba shemeji simu, nikaenda nayo nyuma ya bafu.

"Mama," nikasema, "dada amekonda."

"Amekonda vipi?"

"Amekonda sana."

"Anaumwa?"

Nilikuwa nimeahidi. Nikanyamaza.

"We mtoto, nakuuliza. Wanampa chakula?"

"Chakula kipo, mama."

"Kipo, au anapewa?"

Nikanyamaza tena, maana kusema anapewa ilikuwa kweli na kusema anakula ilikuwa uongo, na nilipokuwa nachagua maneno mama alishakata simu. Mama yangu anasoma kimya cha mtu vizuri kuliko anavyosoma gazeti.

Kesho yake saa nne asubuhi bodaboda ilisimama uani. Mama akashuka na dumu la maziwa mgando, vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa ametoka Visiga alfajiri. Alimsalimia mama mkwe vizuri, wakaulizana habari za nyumba, za mvua, za ng'ombe, akakaribishwa mkekani, akakaa. Macho yake yalikuwa yanatuhesabu, mimi na dada, mimi na dada.

"Mkwe wangu," akaanza, kwa sauti laini ninayoiogopa, "mimi nilikupa mmoja mzima, na mwingine nikamleta aje kusaidia. Leo naona aliyekuja kusaidia amenona, na yule wa kwako amebaki macho. Sigombi. Nataka kujua tu, humu ndani mnakulaje?"

"Tunakula sinia moja, mkwe wangu. Sote."

"Sinia moja! Sasa mimi nitajuaje nani ameshiba?"

Mama mkwe akatazama ukuta, kama anavyofanya wakati wa kula.

"Basi mwanangu akapumzike nyumbani kidogo," mama akasema. "Mwanangu, kafunge nguo zako. Utakunywa maziwa, utarudi na mwili."

Akafungua dumu amimine kikombe. Harufu ya mgando ikatoka, ile harufu nzuri ya kwetu. Dada akaziba mdomo, akainuka, hakuwahi kufika nyuma ya bafu, akatapikia penye mpapai, safari hii kwa sauti. Akarudi mkekani. Asingeweza kurudi Visiga bila nyumba hii kudhaniwa imemtesa, na asingeweza kubaki bila kusema. Akanitazama. Hakunikanyaga mguu, alinitazama tu.

Sikupanga. "Ni mimi," nikasema.

Wote wakageuka. Nilikuwa naongea na mkeka.

"Chakula chake nakula mimi. Upande wake wote. Hawamnyimi, mama. Wanampa, hakipiti. Nakula mimi ili isijulikane."

"Isijulikane nini?" mama akauliza.

Hapo nikafunga mdomo. Hilo halikuwa langu.

Dada akakaa chini taratibu karibu na mama, si mbele yake, ubavuni, kama tulivyokuwa tukikaa tukiwa wadogo wakati wa kusukwa. "Sikutaka ununue beseni tena," akasema.

Mama alikuwa bado ameshika kikombe. Alikiweka chini, akaukosa mkeka, kikapinduka, maziwa yakaingia mchangani na hakuna aliyeyatazama. "Shali bado iko kwenye sanduku," akasema, sauti imepungua. "Nilishindwa kumpa mtu." Kisha, "Kwa hiyo uliona bora uwe peke yako."

"Sikuwa peke yangu. Nilikuwa na kibonge."

Nikacheka huku nalia. Sijawahi kulipenda lile neno kama siku ile.

"Lakini mama, inaondoka," dada akasema. "Naisha. Nilikuwa hamsini na nne, sasa arobaini na saba. Wiki mbili tu."

"Saba?" Mama mkwe akageuka kutoka ukutani kwa mara ya kwanza. "Nani kakupima?"

"Tulijipima. Kwenye ile mizani ya bandani."

"Mizani ipi? Ya kangomba?" Akajipiga paja, akacheka mpaka ushungi ukamwanguka. "Yarabi! Mizani ile inakula korosho za kijiji kizima, kila msimu tunalia, ikuache wewe? Hata mimba ikipandishwa pale inakatwa kilo!"

Neno lilikuwa limemtoka, na hakuna aliyekuwa amelitaja. Dada akamtazama. "Mama, ulikuwa unajua?"

"Nijue nini? Mimi sijaambiwa kitu." Akaokota ushungi wake. "Mgeni hajapiga hodi, mimi nimtandikie mkeka wa nini? Nilikuwa nasubiri."

Mama yangu si mtu wa kuamini kicheko. Alitaka kuona. Basi tukatoka wote wanne mpaka bandani, mama mkwe amejitwika mfuko wa unga wa dukani wa kilo ishirini na tano ambao haujafunguliwa. Tukauning'iniza. Ukasoma ishirini na mbili na nusu. "Umeona? Na mngempandisha huyu mtoto siku ile," mama mkwe akanisukuma bega, "mngejua papo hapo kwamba inaiba. Mwili wenye afya haudanganyiki." Nilitamani ardhi ipasuke, ila si sana.

Shemeji alimwita mwenzake, bodaboda mbili zikatupeleka zahanati kabla nesi hajafunga. Dada akavua viatu akapanda. Hamsini na mbili.

"Umepungua mbili tu," nesi akasema. Akamuuliza maswali mengi kuliko nilivyotarajia: maji yanakaa tumboni? Mkojo una rangi gani? Ukisimama unaona giza? Akampima presha, akampima mkojo. Kisha akavuta kiti.

"Sikiliza mama. Miezi mitatu hii ya mwanzo, wapo wanaoongezeka kidogo, wapo wasioongezeka kabisa, na wapo wanaopungua kidogo kama wewe kwa sababu ya kutapika. Mtoto sasa hivi ni mdogo kuliko limau, chakula anachohitaji ni kidogo. Kutapika kwa wengi kunapungua kuanzia mwezi wa nne, na mwili unarudi. Kula kidogo kidogo, mara nyingi, kitu kikavu kabla hujainuka kitandani. Vidonge vya damu meza jioni baada ya kula. Ila ukifika mahali hata maji hayakai, au mkojo umekuwa kama chai ya rangi, au unaendelea kushuka, au umeona damu, usingoje tarehe. Unakuja siku hiyo hiyo. Na kilo zako nazipima mimi, kwenye mizani hii hii. Umesikia?"

"Ile ya mwanzo nilikonda pia," dada akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. "Ikatoka."

Nesi hakuharakisha. "Pole. Haikutoka kwa sababu ya kukonda. Hukuiua kwa kutokula." Mama akamshika dada mkono, akakuta ule uzi kwenye pete, akaanza kuuzungusha kwa kidole.

Mama alilala Kurui. Hakumpigia mtu yeyote simu jioni ile. Nilimwona akitoa simu, akiitazama, na kuirudisha ndani ya sidiria.

Asubuhi iliyofuata mama mkwe alileta sinia la mihogo ya kuchemsha, tukakaa wanne. Kabla ya bismillahi nililitazama sinia vizuri, jambo ambalo halina adabu. Upande wa mama kulikuwa na vipande vinono. Upande wangu vile vile. Upande wa dada mihogo ilikuwa mikavu, imepozwa, imekatwa midogo, na pembeni yake kipande cha limau na chumvi kidogo. Nikakumbuka kwamba limau siku zote lilikuwa upande ule. Samaki siku zote alikuwa upande wangu. Wiki zote mbili nilidhani ni bahati.

Mama mkwe alikuwa anatazama ukuta.

Dada akachukua kipande kimoja, akakigusisha kwenye limau, akatafuna polepole. Nikasubiri mguu wake chini ya khanga. Haukuja. Alikula cha pili, akasita, akaacha hapo. Kilima kilibaki kikubwa upande wake, wote wakiona, na mkono wangu ulikuwa umeshaanza kwenda kwa mazoea. Nikaurudisha, nikala mbele yangu.